Dadu Isiyorushwa

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi moja asubuhi hapa Nottingham, mbele ya wachezaji na waamuzi wapya wa kikundi chetu cha Waswahili tunaocheza vita vya mezani, kwa dadu na vinyago vya askari tunavyovipaka rangi. Wenzetu walioko mbali wameniomba niiandike. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo.

Najua mikono inawawasha. Naona majeshi yameshapangwa mezani, na rangi mbichi naisikia hadi hapa nilipo, maana yake kuna mtu amekesha. Nipeni dakika ishirini tu. Ninachotaka kusema ni kile kinachotugombanisha kila tunapokutana: uwezo wa askari wako unakutana na uwezo wa askari wangu, kila mmoja anasoma kanuni yake kwa sauti, na tukizisoma pamoja hatuelewi nini kitokee.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa mwamuzi wa mashindano madogo, raundi ya mwisho, nikaitwa meza ya sita. Mchezo ni huu wetu, Warhammer 40,000, toleo la 10. Kijana mmoja alikuwa na askari mwenye meltagun, bunduki fupi ya kuyeyusha chuma. Bunduki hiyo hufika inchi 12, na adui akiwa ndani ya nusu ya masafa hayo, madhara yake yanaongezeka kwa 2. Madhara yenyewe ni dadu moja. Mbele yake alisimama Avatar of Khaine, jitu la chuma linalowaka moto, na kanuni ya jitu hilo inasema kila shambulio linaloliangukia, madhara yake yanagawanywa nusu. Jitu lilikuwa limebakiwa na uhai wa nukta 5. Kijana akapima: inchi tano na nusu. Akapata shabaha, akajeruhi, kinga ya jitu ikashindwa. Akarusha dadu ya madhara. Sita.

Mmoja akasema, "Limekufa." Mwingine akasema, palepale, "Limebaki na moja."

Hesabu zote mbili zilikuwa safi. Ukijumlisha kwanza, 6 na 2 ni 8, nusu yake 4, jitu linabaki na nukta moja. Ukigawa kwanza, nusu ya 6 ni 3, ongeza 2 unapata 5, jitu linaanguka. Wakanitazama. Nikafumba macho nikaona picha: bunduki inafyatuka na nguvu zake zote, moto unaruka, kisha unaigonga ngozi ya jitu na ngozi inaupunguza. Nikaamua nne. Jitu likabaki hai, raundi iliyofuata likawafagia askari watatu waliokuwa wameshikilia alama ya katikati, na kijana akapoteza mchezo kwa pointi chache.

Usiku ule, nimekaa jikoni, nikafungua kanuni. Imeandikwa wazi: mabadiliko ya namba yakikutana, tunagawa kwanza, kisha tunazidisha, kisha tunajumlisha, mwisho tunatoa. Hakuna neno lolote kuhusu moto kuruka wala ngozi kupunguza. Jibu lilikuwa 5. Nilimpigia simu kijana yule nikamwomba radhi. Akaniambia kushindwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba kitabu kilikuwa mezani, karibu na mkono wangu, na sikukifungua.

Neno lile sijalisahau, na ndiyo sababu nasimama hapa leo.

Wengi wetu tunaupenda mchezo huu kwa sababu ya hadithi zake. Mimi pia. Lakini kanuni haikuandikwa kama hadithi, imeandikwa kama utaratibu, na mara nyingi hadithi inaelekea upande mmoja na utaratibu upande mwingine. Ukiamua kwa hadithi, utakuwa sahihi siku nyingi, na siku utakayokosea hutajua kwamba umekosea, kwa sababu picha iliyo kichwani mwako itakuwa nzuri kabisa.

Sasa nichukue mfano mmoja tuukague kwa karibu, maana ndio ninaoulizwa kuliko yote. Silaha moja imepewa uwezo wa aina tatu: Lethal Hits, Sustained Hits 1, na Devastating Wounds. Majina yote matatu yanatisha. Mchezaji akiyaona kwenye karatasi moja anafurahi, anadhani yatazidishana. Tuyasome, tukikumbuka kwamba shambulio lina dadu ya shabaha, kisha dadu ya jeraha, kisha adui anarusha dadu ya kinga.

Lethal Hits inasema: ukipata sita halisi kwenye dadu ya shabaha, yaani dadu yenyewe imelala 6 kabla ya kuongeza au kupunguza chochote, shambulio hilo linajeruhi moja kwa moja. Sustained Hits 1 inasema: ukipata sita halisi kwenye dadu ya shabaha, unapata shabaha moja ya ziada. Devastating Wounds inahusu sita halisi kwenye dadu ya jeraha: madhara yanapita bila adui kurusha kinga.

Haya, nipeni dadu kumi. Narusha, zimelala hapa: 6, 6, 5, 4, 4, 3, 2, 2, 1, 1. Tuseme napata shabaha kuanzia 3. Nina shabaha sita, na mbili kati yake ni sita halisi. Zile sita mbili naziweka pembeni, huku kushoto, kwa sababu Lethal Hits imeshazifanya majeraha. Kila moja ya sita hizo inanipa pia shabaha ya ziada, kwa hiyo naokota dadu mbili nyingine kwenye kopo, naziunganisha na zile nne za kawaida. Mkononi nina dadu sita za kujeruhi. Shabaha za ziada ni shabaha za kawaida tu. Hazikuzaliwa na usita wa mama yao.

Swali linakuja hapa. Zile mbili nilizoziweka kushoto, zinaweza kuleta Devastating Wounds? Watu wamegombana sana juu ya hili. Angalieni meza. Devastating Wounds inatafuta sita kwenye dadu ya jeraha. Zile mbili hazitarushwa kujeruhi, zimeshajeruhi. Dadu isiyorushwa haiwezi kuwa sita. Basi zinaenda kwenye kinga kama majeraha ya kawaida, na Devastating Wounds inabaki kwa zile sita zilizo mkononi mwangu. Uwezo wa kwanza umeula wa tatu. Aliyedhani silaha yake ina nguvu mara tatu anagundua kwamba mbili zinakabana koo.

Ukishalishika hilo, mlango unafunguka kwa maswali mengine mengi. Silaha za moto, zile zenye neno Torrent, zinapata shabaha zenyewe bila kurusha. Je, zikipewa Sustained Hits na kiongozi wao, zitaongezeka? Hapana. Hakuna dadu ya shabaha, hakuna sita. Na Fire Overwatch je, kule kufyatua risasi katika zamu ya adui? Pale shabaha inapatikana kwa sita halisi tu. Kwa hiyo kila shabaha utakayoipata ni sita, na kila moja itawasha Lethal Hits au Sustained Hits kama silaha inazo. Bunduki ya moto haijali, inapata shabaha vilevile. Sikulazimika kukariri majibu haya. Niliuliza tu kila mara: dadu gani inatafutwa, na je, imerushwa?

Kuna anayenyoosha mkono pale nyuma. Ndiyo, mdogo wangu, umesema kweli, kuna silaha zenye uwezo wa Anti, ambazo dhidi ya aina fulani ya adui zinahesabu hata nne kuwa jeraha la hali ya juu. Hapo Devastating Wounds inafanya kazi kwenye nne, kwenye tano, kwenye sita. Kwa nini? Kwa sababu kanuni ya Devastating Wounds haikutaja sita. Ilitaja jeraha la hali ya juu, Critical Wound, na sita ni njia ya kawaida tu ya kulipata. Mimi nimesema "sita" dakika tano zilizopita kwa sababu ya mazoea, na wewe umenikamata. Hivyo ndivyo kanuni inavyosomwa.

Ndugu zangu, sasa nataka kusema jambo ambalo kwetu sisi ni mtaji.

Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja dogo, when, linalobeba mizigo mingi. Tunapomfafanulia mwenzetu kanuni kwa Kiswahili, kitenzi chetu hakitukubalii uvivu huo. Lazima uchague. Akiuawa? Anapouawa? Akishauawa? Kabla hajauawa? Hayo ni mambo manne, na kila moja linaweka uwezo mahali pake kwenye mstari wa matukio. Nimeona zaidi ya mara moja mchezaji anaanza kunitafsiria kanuni yake, anafika kwenye kitenzi, anasita. Kusita kule ndiko kwenye utata. Kabla ya hapo hakujua kwamba kuna utata.

Chukueni Feel No Pain. Wengi husema kwa mkato, "askari akipoteza uhai, rusha dadu, ukifaulu unaurudisha." Ni makosa, na makosa yenyewe yako kwenye "akipoteza" na "unaurudisha". Kanuni inasema kila ambapo angepoteza nukta ya uhai, rusha dadu, ukifaulu, haipotei. Ni -nge-, jambo ambalo halijatokea. Sasa akitokea adui mwenye uwezo unaosema "kila askari huyu anapopoteza nukta ya uhai, nafanya hili," je, unawaka kama Feel No Pain imefaulu? Kwa tafsiri ya mkato utasema ndiyo, aliupoteza kisha akaurudisha. Kwa tafsiri ya -nge-, hakupoteza kitu. Silabi moja imebadilisha mchezo.

Au wale askari wanaopigana wakiwa wameshakufa. Kanuni yao, ukiifuata kwa -ka- kama simulizi za bibi zetu, inakwenda hivi: akauawa katika mapambano ya karibu, akawa hajapigana awamu hii, ikarushwa dadu, ikatoka nne au zaidi, asiondolewe mezani, adui akamaliza mashambulizi yake yote, ndipo naye akapiga, akaondolewa. Watu huuliza: anapiga mara tu anapoanguka, katikati ya mashambulizi ya adui? Isimulie kwa -ka- utaona pa kumweka. Anasubiri. Amekufa lakini bado amesimama pale, na adui anaendelea na wenzake.

Waliocheza bao, jambo hili hawatalishangaa. Nimekulia Tanga, na nimekaa barazani nikiwatazama wazee wakibishana kuhusu nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji. Kete yako ya mwisho inaangukia kwenye nyumba yako yenye kete sita au zaidi. Unafanyaje? Mzee hakujibu kabla hajauliza: umefikaje hapo? Kama ulikuwa unakula, una hiari, ulale au uivunje nyumba usafiri nayo. Kama ulikuwa unatakata, yaani unasambaza kete bila kula, umelala, huna hiari. Shimo ni lilelile, kete ni ileile, lakini njia uliyoijia ndiyo inayoamua. Mtoto wa miaka kumi anayetazama bao analijua hilo bila kufundishwa. Akija kwenye Warhammer, asiliache mlangoni.

Na ugomvi huu ni wa kale kuliko sote. Mwaka 1812 mtumishi wa serikali wa Prussia aliyeitwa von Reisswitz alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita. Mwanawe, ofisa wa mizinga, akautengeneza upya, akachapisha kanuni mwaka 1824: ramani kubwa, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu, majedwali ya hasara, na mwamuzi katikati. Wakauita Kriegsspiel. Maofisa wakaupenda, na baada ya muda wakauchoka, kwa sababu kila risasi ilihitaji jedwali. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza majedwali yawekwe pembeni na mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa akili yake. Toka hapo kuna njia mbili, na kila mwamuzi aliyeko katika chumba hiki yuko kwenye mojawapo, ajue asijue.

Mimi nazipa heshima zote mbili. Verdy alikuwa anawafundisha maofisa, na pale mwamuzi alikuwa mtu aliyeona vita kwa macho. Sisi hatuna huyo. Hakuna aliyewahi kumwona Avatar of Khaine akipigwa kwa meltagun. Nilipofumba macho pale meza ya sita, nilijifanya Verdy, na sikuwa na uzoefu wowote wa kuutegemea isipokuwa picha za kwenye maboksi. Kwa mchezo wetu, tuanze na maandishi. Maandishi yakinyamaza kabisa, hapo ndipo tuulize yalikusudia nini, na tukiuliza, tuulize kwa kutazama kanuni nyingine za namna ileile zimeamuliwaje.

Tena mara nyingi hayajanyamaza. Kwa mfano, mambo mawili yakitokea kwa wakati mmoja katikati ya mchezo, kanuni imeshasema: mwenye zamu ndiye anayechagua lipi litangulie. Nimeona watu wakibishana dakika kumi juu ya jambo ambalo mstari huo unalimaliza. Imeandikwa pia kwamba kurudia dadu kunafanyika kabla ya kuongeza au kupunguza, na kwamba dadu moja hairudiwi mara mbili. Inauma. Najua inauma. Ndivyo ilivyo.

Jambo jingine ni tarehe. Toleo hili lilipotoka Juni 2023, Devastating Wounds ilikuwa inatoa majeraha yanayomwagika kutoka kwa askari mmoja kwenda kwa mwenzake hadi yaishe. Septemba mwaka huohuo wakaibadilisha, ziada ikawa inapotea. Aliyejifunza mchezo mwezi Julai na aliyejifunza Oktoba wanaweza kukaa meza moja, wote wakweli, wote wana ushahidi, na wasielewane. Kabla hujamwambia mwenzako kwamba anadanganya, muulize karatasi yake ni ya lini. Kanuni hizi zinatoka ofisi ambayo iko katika mji huuhuu, wengine mnapita mlangoni kwao mkienda kazini, lakini hata sisi majirani tunapaswa kupakua toleo jipya kama mtu aliyeko Muscat au Mombasa.

Namalizia na utaratibu wa leo, na huu nausema kama mwamuzi.

Ukiona mbele yako kuna utata, uliza kabla dadu hazijarushwa. Naomba mlishike hili. Pale meza ya sita, kama wangeniita kijana alipokuwa bado anapima inchi zake, wote wawili wangekuwa watulivu, maana hakuna aliyejua dadu itatoka ngapi. Nani angejali sana kama ni kugawa kwanza au kujumlisha kwanza? Tungesoma pamoja, tungekubaliana. Baada ya sita kulala mezani, kila jibu lilikuwa na mwenye nalo na adui yake, na mimi nikawa hakimu wa watu badala ya msomaji wa kanuni. Mwambie mwenzako nia yako: "Nataka kumpiga huyu, mimi naelewa ni gawa kisha jumlisha, wewe je?" Akikubali, rusha. Akikataa, niite.

Nikiitwa, sitawauliza nani anashinda. Sitatazama ubao wa pointi. Nitaomba kila mmoja anisomee kanuni yake yote, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake, kisha anieleze kwa Kiswahili, na nitasikiliza kitenzi. Matoleo ya zamani ya mchezo huu yaliruhusu, mkishindwa kuelewana, mrushe dadu moja iwaamulie, moja hadi tatu kwangu, nne hadi sita kwako, na mchezo uendelee. Kwa mechi ya nyumbani, jioni, chai mezani, fanyeni hivyo na msione haya. Hapa leo hapana, kwa sababu meza ya tatu haiwezi kupata jibu moja na meza ya saba jibu lingine. Uamuzi wowote nitakaoutoa nitauandika kwenye karatasi ile nyeupe mlangoni, pamoja na mstari wa kanuni nilioutegemea, na utazibana meza zote hadi jioni.

Na nikikosea, kama nilivyokosea siku ile, njooni na kitabu kikiwa wazi kabla raundi haijafungwa. Matokeo ya raundi ya kwanza yanaandikwa saa sita na nusu. Hadi dakika hiyo naweza kufuta nilichoandika. Dada Mwanaidi ana orodha ya nani anakaa meza gani, mkamwone, tuanze.